Uliza Dada: Kampeni za chuo bila hela, chipsi za bure na kaunta buku la vyumba

Mbukwenyi wadau wa Dodoma na nyie mlioko mbali. Mwezi huu meseji zimejaa uchaguzi tu, inaonekana vyuo kibao viko kwenye kuchukua fomu au kurudisha, na mnajua wenyewe mtu akishachukua fomu ya urais wa serikali ya wanafunzi hata salamu yake inabadilika, anaanza kukushika mkono kwa mikono miwili. Nimechagua maswali yatakayosaidia wengi, yaliyofanana nimeyaunganisha. Wale wa mapenzi subirini toleo lijalo, hamtakufa.

*Dada shikamoo. Mi niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dodoma. Rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja anagombea urais wa serikali ya wanafunzi, kanipa mi niwe meneja wa kampeni. Tatizo hatuna hela kabisa, wenzetu wana spika wana tisheti na gari la kuzungukia, alafu chuo chenyewe kikubwa, kutoka hosteli zetu mpaka za upande wa pili ni bajaji. Tuna watu kumi na mbili wa kutusaidia na wote wanataka kuwa kamati kuu. Tunaanzia wapi?*
*Meneja asiye na ofisi*

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya watu kumi na mbili wote kamati kuu imenichekesha mana ndo ugonjwa wa kampeni zote za chuo, kila mtu mshauri wa mgombea, wa kugonga mlango hamna. Anza hapo. Ivunje hiyo kamati leo usiku mbaki watatu, wewe, mtu wa hela na mtu wa ratiba. Wale kumi waliobaki kila mmoja apewe bloku lake, na akiuliza cheo chake nini mwambie yeye ndo mkuu wa bloku, basi cheo kishapatikana.

Ila kabla ya bloku someni katiba ya serikali yenu ya wanafunzi na kanuni za uchaguzi, zote, mpaka viambatanisho vya mwisho. Najua hamjazisoma. Humo ndo kuna mambo ya GPA yaani wastani wa alama, ada, kesi za nidhamu, idadi ya wadhamini na wanatakiwa watoke wapi, kampeni zinaanza lini na zinaisha saa ngapi. Watu wanaanguka kwenye fomu kabla hawajapigiwa hata kura moja, mdhamini kakosea tarakimu ya namba ya usajili, mwingine kawadhamini wagombea wawili wa nafasi moja kwa sababu wote washkaji zake. Kama fomu inataka wadhamini hamsini nyie kusanyeni sabini pembeni, mchague hamsini walio safi, na awepo mtu mmoja mkorofi kidogo ambaye kazi yake ni kuangalia kila namba kwenye kitambulisho cha mwenyewe, asikubali kuambiwa kwa mdomo.

Sasa hesabu, na hapa naomba ukae chini. Tuseme chuo chenu kina wapiga kura elfu nane. Sio wote watapiga, wengine hawajui hata kama kuna uchaguzi, wengine siku hiyo wameenda zao mjini. Tuseme watajitokeza nusu, elfu nne. Mko wagombea watatu, ukipata kama 1,700 uko pazuri sana. Hizo 1,700 haziji kwa spika. Mtu mmoja anayeaminika kwenye korido yake anaweza kushika watu ishirini, yaani anawajua kwa majina, anajua nani ana testi kesho, nani kagombana na nani. Kwaiyo mnahitaji watu wa korido themanini na tano hivi. Mnao kumi na mbili. Ndo kusema wiki ya kwanza msitafute kura kabisa, tafuteni hao themanini na tano. Namba zenu badilisheni kulingana na chuo, lakini hesabu ni hiyo hiyo.

Na wasitafutwe kwenye mikutano. Wapo tayari, kila bloku lina yule dada ambaye kila mtu anaenda kuazima pasi kwake, kuna yule kaka wa madesa anayefotokopi notisi za watu wote, kuna CR yaani kiongozi wa darasa, kuna nahodha wa timu, kuna anayeshika hela za kikoba cha wasichana wa ghorofa ya pili. Hao ukimpata mmoja umepata korido. Mwenye maneno mengi kwenye grupu la WhatsApp mara nyingi hata jirani yake wa ukutani hamjui.

Nunueni kaunta buku moja, lile daftari gumu kubwa, kwa kila bloku. Kila mlango unapewa mistari yake, jina, kozi, mwaka, alafu pembeni namba: moja ni wetu kabisa, mbili anayumba, tatu ni wa mwenzetu. Hamna maelezo marefu. Ila kuna safu ya mwisho ya kuandika alichosema kinamsumbua, kwa maneno yake mwenyewe, "maji yanakata saa moja asubuhi", "matokeo ya sapu (mtihani wa kurudia) hayajatoka", "jina langu halijaja kwenye boom (hela ya mkopo ya kujikimu)". Hiyo safu ya mwisho ndo dhahabu. Mnakaa Jumapili mnafungua makaunta buku yote mnasoma hiyo safu tu, sera zenu zinatokea humo, hamna haja ya kujifungia chumbani mnatunga ilani ya kurasa kumi na moja ambayo haisomi mtu.

Kugonga mlango nako kuna adabu yake. Nendeni wawili, sio sita, sita ni uvamizi. Jioni kuanzia saa moja mpaka saa tatu na nusu, baada ya hapo watu wanalala au wanasoma. Bloku la wasichana waende wasichana, la wavulana wavulana, sheria za hosteli mnazijua na adui wako atafurahi sana ukikamatwa. Wiki ya testi pumzikeni. Mkishaingia salimia, jitambulishe, taja mgombea wako sentensi moja, kisha uliza: hapa kwenu nini kinawasumbua? Ukishauliza NYAMAZA. Hapo ndo vijana wengi wanaharibu, anauliza swali alafu analijibu mwenyewe kwa dakika kumi. Mwache aseme, andika mbele yake aone unaandika. Ukitoka usimuombe ahadi ya kura, muombe kitu kidogo, njoo kesho kwenye kimbweta, lile benchi la kusomea nje, pale chini tunaongea na mgombea nusu saa. Akija, alama yake inahama kutoka mbili kwenda moja. Asipokuja mfuate tena.

Na kwa chuo kikubwa msijidanganye kwamba umaarufu wa upande mmoja utavuka barabara. Wale wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mnanielewa, ndaki zimetawanyika, wa CIVE (ndaki ya mambo ya kompyuta) na wa ndaki ya elimu wanaweza kumaliza miaka yote mitatu hawajuani. Mgombea wa huku kule ni mgeni tu. Kwaiyo kule mtafute mwenyeji awe ndo sura ya kampeni, mgombea anapelekwa kama mgeni wa mwenyeji. Nauli za bajaji zipangwe, upande wa mbali siku mbili kamili za kukaa huko huko tangu asubuhi, sio kwenda na kurudi kila siku mnamaliza hela barabarani.

Kuhusu sera chukueni mbili, zikizidi tatu. Na ziwe za mambo ambayo serikali ya wanafunzi inayaweza. Mtu anayeahidi kwamba akiingia boom litawahi anawadanganya, boom linatoka Bodi ya Mikopo, rais wa wanafunzi hana funguo za huko. Lakini mnaweza kuahidi kwamba waziri wa mikopo atakaa na dawati la mikopo la chuo kila wiki, majina yenye shida yatajulikana mapema na wenye majina watapigiwa simu, badala ya mtu kugundua mwezi umeisha kwamba hakusaini. Hiyo inafanyika na kila mtu ataielewa.

Mabango msiyategemee. Upepo wa Dodoma huu unaujua, mtabandika kwa uji wa ngano usiku, saa nne asubuhi bango la mgombea wenu liko kwenye uzio linapeperuka limekatika kichwa. Bandikeni machache sehemu zilizokingwa na upepo, penye foleni, mlangoni kwa mama ntilie, kwenye ngazi.

Siku ya kura kaunta buku linafunguliwa tena, safari hii mnaangalia wale wa namba moja tu. Asubuhi kila mtu wa korido anapita kwa ishirini wake. Aliyepiga anawekewa tiki. Saa sita mnahesabu tiki, saa nane mnawafuata ambao bado. Wa namba tatu muwaache walale, usimwamshe. Vyuo ambavyo sasa mnapiga kura kwenye mfumo wa mtandao kuna balaa lingine, mtu hakumbuki nywila yake tangu asajiliwe mwaka wa kwanza. Hilo lishughulikieni siku tatu kabla, pitisheni tangazo kila mtu ajaribu kuingia kwenye akaunti yake, aliyekwama aende kwa watu wa mifumo kabla foleni haijawa kubwa. Na kila mtu aingie kwa simu yake na nywila yake, ukimpigia mtu kura kwa niaba yake umejipeleka mwenyewe kamati ya nidhamu.

*Mambo dada. Mpinzani wetu kila jioni anagawa chipsi na soda, wengine wanapewa bando. Juzi kaja mtu kutoka nje ya chuo anasema kuna mheshimiwa anataka kutusapoti na sisi, hela nzuri tu, tukishinda "tusimsahau". Wenzangu wanasema tuchukue mana bila hela hatutoboi. We unasemaje?*
*Mweka hazina, Makulu*

Poa. Msichukue, na sababu ya kwanza wala sio ya dini. "Msinisahau" ni deni lisilo na kiasi, hujui utalipa nini wala lini, siku atakapotaka wanafunzi wajaze ukumbi wake mtakuwa mmeshauzwa jumla.

Sababu ya pili ni kwamba nchi hii mjadala wa chipsi ulishafika mahakamani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima, mgombea anawakirimu wapiga kura kwa nia njema, ukarimu wa Kiafrika. Mnakumbuka au mmesimuliwa, khanga, sukari, pilau. Wanaharakati wakaenda Mahakama Kuu, akiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na mwaka 2006 mahakama ikavifuta vile vifungu, kwamba vinabagua wagombea wasio na uwezo na vinafungua mlango wa rushwa. Kwaiyo mpinzani wenu akisema "ni ukarimu tu jamani" hiyo hoja ilishashindwa wakati yeye bado yuko chekechea. Kanuni za uchaguzi wa chuo nyingi nazo zinakataza, angalieni za kwenu, na kama chuo kina klabu ya wapinga rushwa ya TAKUKURU waalikeni mapema waongee na wagombea wote, msisubiri mpaka muwe mnalia.

Mkitaka kulalamika peleka ushahidi. Nani kagawa, wapi, saa ngapi, nani kaona na yuko tayari kuandika jina lake. Picha ya mtu anakula chipsi haithibitishi kitu, Dodoma nzima inakula chipsi.

Sasa hela zenu mtapata wapi. Wale watu wa korido kila mmoja atoe jero (mia tano), mwenye nacho buku (elfu moja). Haitakuwa nyingi ila itatosha fotokopi, kaunta buku na bajaji za kwenda upande wa mbali, na kuna kitu watu hawakisemi, mtu akishatoa jero yake kwenye kampeni hiyo kampeni ni yake, hatalala siku ya kura. Wewe mweka hazina andika kila kinachoingia na kutoka, Ijumaa tuma picha ya ukurasa kwenye grupu lenu. Alafu chipsi za mwenzenu waambieni watu wale. Kweli kabisa. Njaa ya hosteli ya mwisho wa mwezi naijua, huwezi kumwambia mtu akatae chipsi, mwambie ale na kura yake apige anavyotaka, mana akiwa kwenye kile chumba cha kura yuko peke yake.

*Dada mimi ni msichana nagombea umakamu. Tangu nichukue fomu kuna grupu wanaweka picha zangu wamezihariri, wanasema nimepewa nafasi na fulani kwa sababu ya mambo fulani. Usiku silali najibu meseji. Na meneja wangu wa kampeni anataka vikao vyote vifanyike getoni kwake kuanzia saa nne usiku. Nijitoe?*
*Jina kapuni*

Usijitoe. Na hivyo vikao vya saa nne getoni vimekwisha leo, mwambie kwa meseji ili ibaki imeandikwa: vikao ni kwenye kimbweta, saa kumi na moja jioni, watu wanne au zaidi. Akikasirika tafuta meneja mwingine, kampeni haijawahi kufa kwa kukosa meneja wa geto.

Kuhusu grupu acha kujibu. Kila ukijibu unalirudisha juu, watu waliokuwa hawajaliona wanalitafuta. Piga skrinshoti, hakikisha tarehe na namba ya aliyetuma zinaonekana, mpe rafiki mmoja akutunzie kwenye simu yake, wewe toka humo. Kisha andika barua kwa tume yenu ya uchaguzi na nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia, peleka nakala na huko, na ikifika kwenye vitisho au picha za faragha ni polisi, nao wana dawati lao la jinsia na watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na kusambaza uongo kwa makusudi na kumsumbua mtu mtandaoni vyote vimo humo, wengi wanaotuma wakiwa wamejifunika shuka hawalijui hilo mpaka wameitwa.

Hadharani sema mara moja tu, kwa ufupi, mwanzoni mwa mkutano: "Mmeona picha, ni za kutengeneza, nimeshapeleka malalamiko, sasa tuongee kuhusu maji." Basi, endelea na maji. Usieleze, usilie, usitaje jina la mtu. Wasichana wenzako kwenye mabloku ndo watamaliza hiyo kazi, mana kila mmoja kati yao ameshafanyiwa kitu kama hicho au anajua atafanyiwa. Na mtu akikuuliza kwa nini usitulie na umakamu wa timu ya netiboli, mwambie Bunge liko hapa hapa Dodoma na Anne Makinda alikaa kwenye kiti cha Spika kuanzia 2010, akaja baadaye Tulia Ackson 2022. Nchi yenyewe tangu Machi 2021 rais wake ni mwanamke. Sisemi uwapende au usiwapende, nasema hiyo hoja ya "mwanamke hawezi" ya kizamani sana hata kwa bodaboda wa Sabasaba.

*Naomba kuuliza CR wa kozi fulani anatupa orodha ya namba za simu za darasa zima, watu mia tatu, tuwatumie meseji. Ni sawa?*
*Ng'ong'ona*

Sio sawa. Hizo namba watu walimpa CR kwa ajili ya vipindi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa iliyokusanywa kwa kazi moja huibebi tu ukaipeleka kazi nyingine bila mwenyewe kukubali. Alafu hata bila sheria, wewe ukiamshwa na meseji ya mgombea usiyemjua unampenda? Mwambie CR awaombe dakika tatu kabla mwalimu hajaingia, mgombea aongee mwenyewe, anayetaka kupata taarifa zenu ataandika namba yake kwenye karatasi kwa mkono wake. Zitakuja arobaini badala ya mia tatu, hizo arobaini ndo mali. Na hilo linahusu na yale makaunta buku niliyosema juu, yasizagae, uchaguzi ukiisha yachanwe.

*Shikamoo dada. Mimi ni mwanachama wa chama (sitaji) na nataka tuanze kufanya siasa chuoni, kuandikisha wanachama, kuweka bendera. Pia nataka siku moja nigombee uenyekiti wa mtaa huku ninakopanga. Utaratibu ukoje?*
*Kijana wa mtaani*

Marahaba. Umeuliza mambo mawili na watu wengi wanayachanganya, ngoja niyatenganishe.

Bendera chuoni sahau. Vyama vingi tunavyo tangu 1992 lakini vyuo vingi vina sheria ndogo zinazozuia shughuli za vyama ndani ya kampasi, na wewe ulizisaini siku unasajiliwa. Haina maana huruhusiwi kuwa mwanachama, hiyo haki unayo. Maana yake tawi liko nje ya geti. Ukitaka kukutana kutaneni mtaani, chama chako kina watu wake wa vijana, wengine UVCCM ya CCM, wengine BAVICHA ya CHADEMA, wengine Ngome ya Vijana ya ACT Wazalendo, nenda kwenye ofisi ya kata ujitambulishe wakuone sura. Ushauri wangu usivalishe serikali ya wanafunzi nguo ya chama. Mwanafunzi ambaye maji yamekata hajali wewe ni wa kijani au wa rangi gani, na siku ukienda kuongea na uongozi wa chuo ukiwa unaonekana umetumwa hata hoja yako ya maji inakufa.

Ya pili, kura ya kitaifa. Wanafunzi huwa mnapotezwa na kalenda. Mwaka 2010 uchaguzi ulikuwa tarehe 31 Oktoba, vyuo vilikuwa bado havijafunguliwa, wengi waliojiandikisha wakiwa vyuoni siku ya kura wakawa makwao Kigoma, Mbeya, Mwanza, kadi mfukoni na kituo kiko kilomita mia saba. Unapiga kura kwenye kituo ulichojiandikisha, hamna mjadala. Kwaiyo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikitangaza kuboresha daftari la kudumu la wapiga kura, jiulize Oktoba ya mwaka wa uchaguzi utakuwa wapi hasa, alafu hamishia taarifa zako huko. Kama unataka kuwafanyia wenzako kitu cha maana cha kisiasa bila kuvunja sheria yoyote, ni hicho, pita vyumbani uwaulize kadi zao zinasoma wapi.

Serikali za mitaa ni kitu kingine tena. Ile haitumii daftari la kudumu, inaandikishwa orodha yake ya wakazi. Kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 wakazi walipewa siku kumi tu za kujiandikisha, tarehe 11 mpaka 20 Oktoba, na ulikuwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mtu anasema "mi nna kadi ya kura" anaenda anakuta jina halipo. Kupiga kura miaka kumi na nane, kugombea uenyekiti wa mtaa ishirini na moja, sawa na ubunge kwa umri. Uongozi wa mtaa ni miaka mitano, kwaiyo unao muda mpaka 2029, utumie. Mjumbe na wazee wakujue. Nenda kwenye mikutano ya mtaa ambayo wanafunzi hamhudhurii, na mnaishi pale, mnachota maji pale, taka zenu zinazolewa pale. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, ukiitwa beba jembe. Na jifunze kusalimia kwa Kigogo vizuri kuliko mimi, bibi wa watu akikuitikia "mbukwa" huku anacheka umeshaingia ndani.

*Mwaka jana tulishinda kwenye maneno, tukashindwa kwenye kuhesabu. Wakala wetu alienda kula, kurudi matokeo yameshabandikwa. Tufanyeje mwaka huu?*
*Tuliopigwa*

Kituo kimoja mawakala wawili, mmoja akila mwingine yupo. Wapelekeeni chakula hapo hapo, wali maharage na chupa ya maji, hiyo ndo hela ya kampeni iliyotumika vizuri kuliko zote. Wakala asiwe mpiga kelele wenu mkubwa, awe yule anayesoma mkataba wa chumba mpaka mwisho kabla hajasaini. Kazi yake aone sanduku likiwa tupu kabla ya kura ya kwanza, ahesabu mwenyewe waliopiga, aone kila kura iliyoitwa imeharibika imeharibika nini, asitie saini fomu ya matokeo ambayo hajaisoma, na kama kanuni zinaruhusu apate nakala au apige picha. Jumla ya kura za wagombea wote na zilizoharibika ikizidi waliopiga, asiseme kwa sauti, aandike kwenye fomu sehemu ya malalamiko. Muda wa rufaa kwenye katiba nyingi za wanafunzi ni mfupi mno, kwaiyo barua ya rufaa iwe imeshaandikwa nusu kabla ya siku ya kura, mkishinda mnaichana.

*Dada, mgombea lazima avae suti?*
*Mwaka wa kwanza*

Hapana. Kwa jua la saa nane la Dodoma akivaa suti atakuja mlangoni kwa watu amelowa jasho, watadhani anakimbizwa. Shati lililopigwa pasi na viatu vinavyoweza kupanda ngazi ghorofa nne mara sita kwa jioni moja. Kama hana pasi, yule dada wa bloku nilishamtaja, na akienda kuazima aende na kaunta buku.